Kwani "Hampigi" Ndiyo Ndoa? Mwacheni Dada wa Watu Aseme Ana Upweke

Leo sina stori ya nani kavaa nini wala nani kamtupia nani dongo. Leo nina povu, na povu lenyewe ni lenu ninyi, wasomaji wangu ninaowapenda.

Wiki hii wengi mmeiona ile video. Jina sitaji. Anayejua anajua, na asiyejua hapungukiwi kitu. Ni mke wa msanii mmoja mkubwa hapa mjini. Alienda laivu usiku, kajifunga khanga, hajapaka hata poda, akaongea kama dakika 10 hivi. Hakumtukana mume wake. Hakusema anachepuka. Alisema mume wake anampenda, na yeye anampenda mume wake, lakini humo ndani anajisikia yuko peke yake.

Akatoa mfano. Mama yake mzazi alipokutwa na kisukari, mtu wa kwanza aliyemwambia ni dada wa kazi. Muda huo mume alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka jikoni. Alipokuja kumwambia mume baadaye, yule kaka akachukua simu hapo hapo, akatuma hela ya matibabu, tena hela ya maana, akamwambia "usijali mke wangu", halafu akarudi kuangalia mpira. Dada akasema: "Alifanya kila kitu cha mume mwema. Ila hakuniuliza naogopa nini."

Basi. Mkamrukia kama mwewe na kifaranga.

Nimesoma koment zenu mpaka saa nane usiku. Nimezipanga kwenye mafungu manne, maana mlikuwa mnarudia yale yale: "Shukuru Mungu hakupigi." "Gari unalo, nyumba unayo, bado unalia?" "Huyu kashapata mchepuko, anatafuta sababu." "Anatafuta kiki." Na mmoja akaandika, akapata laiki kibao: "Upweke ni ugonjwa wa wenye hela, sisi wengine tunawaza kodi."

Sasa nisikilizeni. Mnadhani mnailinda ndoa. Hamuilindi. Mnachofanya ni kuwafundisha watu wakae kimya mpaka siku ambayo kusema hakutasaidia tena. Na nitawaeleza kwa nini nina uchungu na hili.

Tuanze na hilo la "hakupigi".

Hivi tangu lini kutopigwa kukawa zawadi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya zamani kuliko wengi wenu mnaosoma hapa, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mwaka 1971! Bibi zetu walikuwa wasichana. Leo wewe una simu ya laki nane mkononi bado unamwambia mwanamke ashangilie kwamba hajavunjwa mkono. Jirani yako asipokuibia kuku unampelekea keki?

La pili, huduma. "Anamhudumia." Hapa nakubali kitu kimoja: huduma si jambo dogo. Kuna wanawake wanasoma hapa ambao mume kaondoka na hata hela ya unga hajaacha, na maumivu yao siyadharau. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mke wake kwa makazi, nguo na chakula kulingana na uwezo wake. Kwa hiyo anayehudumia anafanya jambo jema na la haki.

Lakini angalia vizuri hiyo orodha. Makazi, nguo, chakula. Hicho ni kiwango cha chini ambacho hakimu anaweza kukihesabu. Hakimu hawezi kuhesabu kama mtu anasikilizwa nyumbani kwake. Sasa ninyi mmechukua kile cha chini kabisa ambacho sheria inalazimisha, mkakigeuza kuwa juu kabisa ambapo mwanamke anaruhusiwa kutamani. Yaani akifika hapo, afunge mdomo.

Yule dada hajasema hahudumiwi. Amesema kahudumiwa vizuri na bado kabaki na hofu yake mkononi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kushukuru la kwanza huku analia la pili. Hakuna dhambi hapo.

La tatu, mchepuko. Hili linanichekesha. Mwanamke akinyamaza mnasema "ana siri". Akiongea mnasema "ana mchepuko". Asimame wapi sasa? Tena fikirieni kidogo. Mtu mwenye mchepuko ana haja gani ya kuja mbele za watu kusema anamtamani mume wake? Maana ndicho alichokuwa anakisema pale. Alikuwa anamtamani mume wake. Mume aliye hai, yuko sebuleni, anamwona kwa macho, na hamfikii.

La nne, "upweke ni wa wenye hela". Hapa ndipo nilipozima simu, nikakaa kitandani. Kwa sababu hapa mmegusa kwetu.

Najua mtaniambia "wewe hujaoa, unajua nini". Kweli, sijaoa. Lakini nimelelewa ndani ya ndoa, na kwetu hatukuwa na hela.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo. Mama anakaanga maandazi na chapati mpaka leo. Walipendana, na hili nalisema bila kupepesa macho. Kila Ijumaa baba alikuwa anapita Feri, anamletea mama samaki wa kukaanga kwenye gazeti. Mama anakula kichwa, baba anacheka. Sijawahi kumsikia baba akimtukana mama. Ukiwaona ungesema hawa ndio wa kuigwa.

Baba alifariki mimi nikiwa kidato cha nne. Presha. Baada ya arobaini, watu wakaanza kubisha hodi. Mmoja ana karatasi ya deni. Mwingine ana karatasi. Wa tatu hana karatasi ila ana shahidi. Hapo ndipo tukajua kwamba baba alikuwa amepunguzwa kazini miezi 7 kabla hajafa. Miezi 7! Na kila siku kwenye hiyo miezi 7 alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga pasi shati, anamuaga mama, anaondoka "kazini". Kumbe anaenda Kariakoo kupiga deiwaka, kubeba mizigo ya watu na lile shati lake kalikunja ndani ya mfuko. Ikikosekana, anakopa.

Samaki wa Ijumaa hawakukata. Hata Ijumaa moja. Walikuwa wa mkopo.

Mama aliposikia hayo alikaa kimya muda mrefu sana. Halafu akasema kitu ambacho nitakufa nacho. Akasema: "Kwenye kikoba nilikuwa na laki nane. Angeniambia tu." Na akaongeza kwamba miezi ile yote aliona baba kapoa, haongei, anageukia ukutani. Akaamini kapata mwanamke mwingine. Akaogopa kuuliza, kwa sababu shoga zake walishamwambia: "Anakuletea samaki kila wiki, hakupigi, unatafuta nini? Ukichokonoa sana utakuta nyoka."

Kwa hiyo kitandani pale walilala watu wawili wanaopendana. Mmoja anaogopa deni, mwingine anaogopa mchepuko. Kitanda kimoja, miezi 7, na hakuna aliyejua mwenzake anaogopa nini.

Siwezi kusema ukimya ndio ulimuua baba. Mimi sio daktari. Ila najua alikufa akiwa peke yake ndani ya nyumba yenye mke anayempenda na laki nane kwenye kikoba. Sasa rudi uniambie tena kwamba upweke ni wa wenye hela.

Nasema hivi ili muelewe kwamba mke wa msanii na mama muuza maandazi wanaumwa ugonjwa mmoja. Na ugonjwa huu hauji kwa sababu mtu ni mbaya. Unaingia polepole, kwenye nyumba nzuri, kwa watu wazuri.

Tazama maisha ya hapa Dar yalivyo. Mtu anaishi Chanika au Mbagala, au kule Kibaha kabisa, kazi iko Posta. Anaondoka watoto wamelala, anarudi watoto wamelala. Kwenye foleni kaishiwa maneno yote na konda. Akifika anataka maji ya kuoga, chakula, na simu. Mke naye ana duka au ana bosi, mguu unauma, mtoto mdogo ana homa. Hakuna aliyekosea hapo. Wote wamechoka.

Basi maongezi yanapungua mpaka yanabaki ya kuendesha nyumba. Hebu fanya jaribio hili sasa hivi kabla hujaendelea. Fungua WhatsApp, ingia kwenye maongezi yako na mumeo au mkeo, panda juu wiki mbili. Soma.

"Gesi imeisha." "Tuma hela ya luku." "Ada ya mtoto lini?" "Umefika?" "Ndio." "Njoo na nyanya." "Sawa." "Ok." "👍🏾".

Hayo ni maongezi ya meneja na mtunza stoo. Hakuna ugomvi humo, hakuna tusi, na mwezi unaisha nyumba inaenda. Ukiulizwa ndoa yako ikoje utasema "tupo vizuri", na hutakuwa umedanganya. Ila jiulize: mara ya mwisho mwenzako kukuambia kitu ambacho hakina bei ilikuwa lini?

Na sisi wenyewe tunawaandaa watu kwa ukimya huu. Bibi harusi anafanyiwa kicheni pati. Anafundishwa kupika, kutandika, kukaribisha wakwe, na mambo ya chumbani mpaka anaona aibu. Kisha anapewa amri kuu: siri za ndani zisitoke nje. Sawa, ni busara, nami siipingi. Lakini hakuna somo hata moja la jinsi ya kuzitoa hizo siri humo humo ndani, kwa huyo mume. Kwa hiyo nje hazitoki, ndani hazisemwi, zinaenda wapi?

Bwana harusi ndio kabisa. Anapewa bia, anapewa utani, anaambiwa "mwanaume ni kukaza". Ameachishwa kazi, kaza. Amefiwa, kaza. Anaogopa, kaza. Siku mke anamuuliza "una nini?" anajibu "niko poa tu". Anadhani anamkinga mke. Baba yangu alidhani hivyo hivyo. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwenye magheto yetu bado tunafundishana kuficha.

Na dada zangu, msipige vigelegele mkadhani hili povu ni la wanaume peke yao. Kuna kaka alinitumia ujumbe baada ya kuniona nimeposti kidogo kuhusu hii video. Anasema mwaka juzi alijaribu kumwambia mke wake kwamba biashara inakufa na usiku hapati usingizi. Mke akamjibu, "Sasa mwanaume mzima unalialia, mi nilie kwa nani?" Wiki hiyo hiyo akasikia habari zake zinasimuliwa na wifi yake. Tangu hapo akasema hasemi tena. Anatuma hela, anasalimia, analala. Mke wake sasa hivi anaposti statusi kwamba wanaume hawana hisia.

Dada yangu, alikuletea hisia ukaitolea nje. Unataka akuletee mara ngapi?

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu naikubali, siwezi kuikwepa. Mmesema kwenda laivu kunamdhalilisha mume. Ni kweli, ingekuwa dada yangu wa damu ningemwambia asiende. Watu maelfu wanaokula popkoni hawawezi kukuleta karibu na mumeo. Lakini mliisikiliza video yote au mlikata kipande? Mwishoni alisema alishamwambia mume wake mara tatu. Mara zote jibu lilikuwa: "Sasa unataka nini tena?"

Na hilo swali ndilo mlilomuuliza ninyi kwenye koment zaidi ya elfu moja. Kila mtu anamuuliza anataka nini tena, na hakuna anayesubiri jibu.

Mimi nadhani alishajibu. Anataka kuulizwa "unaogopa nini", halafu aliyeuliza akae.

Nilisoma habari za mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Huyu mzee kaangalia wanandoa miaka na miaka, tena alikuwa anawaweka kwenye nyumba kama ya kawaida anawatazama wanavyoishi. Alichokiangalia ni vitu vidogo sana. Mmoja anasema "cheki yule ndege dirishani". Je, mwenzake anageuka, au anaendelea na gazeti lake? Basi. Aliporudi kwa wale wanandoa miaka 6 baadaye, wale ambao bado walikuwa pamoja walikuwa wanageukiana karibu mara 86 katika 100. Walioachana walikuwa wanageukiana mara 33 tu.

Sijui mambo ya Seattle yanafanana vipi na Tandika. Ila lile la ndege nalielewa. Mkeo anaposema "leo sokoni nimeona kituko", hataki umpe suluhisho la soko. Anakurushia kamba ndogo uidake. Mumeo anaposema "leo bosi kaniangalia vibaya", usimwambie "achana naye". Muulize "alikuangaliaje?" Swali la pili, wadau. La kwanza kila mtu anauliza: "Za kazi?" "Nzuri." Kwisha. Ndoa nyingi zimefia kwenye "nzuri" kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la pili.

Hiyo haina gharama. Haihitaji bata la Zanzibar wala maua ya Februari. Inahitaji dakika 10, simu iko chini, na mtu asiyecheka ukisema unaogopa.

Na mnajua kinachoniuma zaidi? Meza ya kuongea tunayo. Ile ile Sheria ya Ndoa inataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kusikiliza shauri la talaka. Yapo kwenye kata, yapo makanisani na misikitini. Watu wanakaa kwenye benchi, mzee anauliza kwa upole, "Haya, kila mmoja aseme linalomsumbua." Na hapo ndipo mtu kwa mara ya kwanza anasikia kwamba mwenzake amekuwa mpweke miaka mitano. Mbele ya wazee watatu na karani! Yaani tumesubiri nyumba iungue ndipo tunatafuta ndoo.

Kwa hiyo mke wa msanii akisema mapema, huku bado anampenda mumewe, huku hakuna mchepuko, huku kitanda ni kimoja, huyo ndiye anayeiokoa ndoa yake. Aliyeharibu ni wewe uliyemwambia afunge mdomo ashukuru. Kesho wakiachana utakuwa wa kwanza kuandika "mbona hakusema mapema?"

Na wewe shemeji, staa wetu, najua watu wako watakutumia hii. Sina ugomvi na wewe kabisa. Nyimbo zako nazicheza, na ile hela uliyotuma kwa mkweo ilikuwa na upendo ndani yake, naamini hivyo. Baba yangu naye alikuwa anatuma upendo kupitia samaki. Mama alikula samaki wote wale na hakujua wanasema nini. Usiishie kwenye kutuma. Zima mpira siku moja, ingia jikoni, muulize mama yake anaendeleaje. Akijibu "vizuri", usiondoke.

Haya, nimemaliza. Povu ruksa hapo chini kama kawaida, nitukaneni mkitaka, nimezoea. Ila leo nina sharti moja. Kama una mume au una mke, kabla hujaandika koment yako, muulize kwanza kitu kimoja anachokiogopa mwezi huu. Halafu njoo uniambie kama ulikuwa unakijua.

Mimi mama yangu nimemuuliza jana. Ameniambia. Sikuwa nakijua.